Bolti ya Mwalimu Wilfredi

Maharage yalikuwa yameshaiva, togwa imejaa ndoo mbili, na shambani tulikuwa watu watatu: mimi, mwanangu Deo mgongoni, na Mama Kanisius mwenye shamba. Watu watatu kwenye ngokela! Kwetu Umatengoni ngokela haiombwi mara mbili. Leo mnalima kwangu, kesho kwako, keshokutwa kwa jirani. Mwenye shamba anapika. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba, wanawake tunachimba udongo wa katikati na kuzifunika, mpaka mlima mzima unajaa mashimo ya ngolo. Mjane hawezi kuzimaliza peke yake. Na Machi haimsubiri mtu.

Wenzake wa zamu wakapita njia ya juu, majembe begani, wanakwenda shamba la mtu mwingine. Mama Kanisius akaweka kiganja juu ya macho, akawaita.

"Jamani, mbona mnapita? Leo si kwangu?"

Hawakusimama. Mmoja tu ndiye aliyegeuza shingo, Mama Orestina, dada yake mke wa marehemu Mwalimu Wilfredi.

"Tunakwenda kulima kwa wenye mikono safi," akasema. "Mikono ya mumeo ndiyo iliyomuua shemeji yetu."

Miezi mitano nilikuwa nimekaa kimya. Kimya kikaniishia pale pale. Nilitupa jembe nikapanda ule mlima mbio, mtoto analia mgongoni, nikawazibia njia.

"Mnasema mikono? Itazameni hii! Bolti ile niliifunga mimi. Siyo Mzee Kanisius. Mimi, Skola!"

Mnajua walifanya nini? Walinionea huruma.

"Skola mwanangu," Mama Orestina akasema, "tunajua mzee alikulea kwenye ufundi. Kumpenda ni vizuri. Lakini usimbebee maiti mzigo wake, na usiseme uongo mbele ya mtoto."

"Sisemi uongo!"

"Haya, tupishe, jua linapanda."

Wakanipita mmoja mmoja, kama wanavyopita kwenye shimo la barabarani. Niliporudi chini, Mama Kanisius alikuwa amesimama kando ya sufuria. Amesikia yote.

"Ni kweli, mwanangu?"

"Ni kweli, mama."

Alikoroga maharage muda mrefu, na wala hayakuhitaji kukorogwa. Kisha akasema, "Mtoto ana njaa. Pakua, yatapoa."

Angenipiga kofi ningemshukuru.

Sasa nawaandikia nyie, wadogo zangu, mliomaliza kidato cha nne mkarudi nyumbani na cheti, mnaonisimamisha njiani, "Dada Skola, nifundishe na mimi kufungua injini." Nina miaka thelathini na moja na nimeshastaafu. Msicheke. Nilikaa miaka kumi na miwili kwenye gereji moja ya pikipiki pale Mbinga mjini na sirudi tena. Jina la mwenye gereji nimeliandika panapohusika. Hapa nitamwita Bosi.

Mzee Kanisius ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Mfupi, kofia ya sufu hata jua likiwaka, kikohozi chake unakisikia toka sokoni. Siku ya kwanza nilimkuta amelala chali chini ya pikipiki. Nikasema, "Shikamoo mzee, natafuta kazi." Akajibu bila kutoka, "Marahaba. Nipe spana kumi na mbili." Nikampa kumi na nne. Akaitazama, akanirudishia. "Umekosea, lakini umenipa kwa upande wa mpini. Wengi wananipa kwa upande wa mdomo. Kaa."

Hivyo tu. Huo ndio ulikuwa usaili wangu.

Wateja walinichosha zaidi kuliko kazi. Mtu anateremka toka Litembo, bodaboda yake inakohoa moshi, ananikuta nimejaa oili mpaka kwenye nyusi, halafu anauliza:

"Dada, samahani, fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Hapana, fundi mwenyewe."

Mzee Kanisius atapaza sauti toka ndani: "Fundi mwenyewe ndiye huyo. Mimi ni mgonjwa tu nimepumzika hapa!"

Alinifundisha kwamba kazi ya fundi wa injini za zamani siyo kufungua. Kufungua hata mwizi anaweza. Kazi ni kufunga, na hasa kujua pa kuishia. Injini zile mwili wake ni alminiamu, chuma chepesi, laini, na bolti ni chuma kigumu. Ukilazimisha, kigumu kitakula laini. Ile mistari ya ndani ya tundu inayoshika bolti, sisi tunaita uzi. Unapokaza, mkono unasikia uzi unashika, unashika, unashika. Halafu kama hukuacha, ghafla spana inakuwa laini, kama umekanyaga ugali. Hapo umeshachelewa. Uzi umekufa.

Mimi niliua uzi wangu wa kwanza kwenye tundu la plagi, mwaka ule ule wa kwanza. Nilikuwa na haraka, nikaanza na spana badala ya vidole, plagi ikaingia upande, nikadhani ni uchafu, nikakaza. Krr. Nikaogopa kusema. Nikaipangusa, nikaifunika, nikajifanya nafagia. Mzee alipita, akaigusa plagi kwa kidole kimoja, ikacheza kama jino la mtoto.

"Nani ameua?"

"Mimi, mzee."

"Umesema. Basi hujaua mtu. Tutatengeneza."

Nimeyakumbuka sana maneno hayo mwaka huu, na kila nikiyakumbuka natamani kujificha.

Namna alivyotengeneza, sikilizeni vizuri, maana hili siku hizi hamtaonyeshwa. Tundu lililokufa analipanua kwa keekee ya mkono, polepole, na kabla ya kuzungusha anasimamisha kipande cha kioo pembeni: keekee na picha yake ndani ya kioo vikiwa mstari mmoja, umenyooka, vikivunjika kama kiwiko, umepinda. Kisha anachukua tapu, kile chuma cha kuchongea uzi, anakipaka mafuta ya taa. Siyo oili, alminiamu inataka mafuta ya taa. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili ule unga ukatike na usijazane. Ukisikia inakataa, usiibishie. Toa, pangusa, anza tena. Ndani ya uzi mpya anaingiza bushi ya shaba aliyoichongesha mwenyewe, yenye uzi nje na uzi ndani, na bolti ya zamani inarudi mle kama kwamba haijawahi kuondoka. Mwisho anagonga ukingo wa bushi kwa ncha ya chuma mara tatu, isije ikazunguka. Mara tatu, kila bushi.

Kazi ya siku mbili. Tatu, kikohozi kikimbana. Na isipokwisha hafungi. Anaandika kwa chaki kwenye tangi, herufi kubwa: BADO. Pikipiki ikiwa na BADO hata Bosi haigusi. Ndiyo ilikuwa sheria.

Mambo yakabadilika. Zikaja springi za uzi, unaziingiza kwenye tundu zikiwa tayari, nzuri kabisa, mzee mwenyewe alizisifu, ila za saizi ya injini za zamani hatukuzipata. Halafu ikaja gundi ya chuma. Mirija miwili, unachanganya, unapaka kwenye bolti, unasubiri igande. Bosi aliipenda kuliko mkewe. Mzee Kanisius aliichukua mara moja akainusa, akarudisha kifuniko.

"Hii ni ya kuzibia tangi la maji," akasema. "Injini inapata moto, inatetemeka. Gundi haina meno."

"Mzee, dunia inakwenda," Bosi akamwambia.

"Iende. Mimi niko hapa nafunga bolti."

Mwalimu Wilfredi alikuwa mteja wake wa toka zamani. Mtu wa ziwani huko, Mnyasa, Mwanglikana, alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na alioa mlima huu huu wa Mzee Kanisius, kwa hiyo kwake mzee alikuwa mtani na nusu shemeji. Pikipiki yake alirithi kwa baba yake, dereva wa misheni. Nzee kuliko mama yangu mzazi. Akija utamsikia kabla hujamwona, tuk, tuk, tuk, na nyuma amefunga usipa wakavu, dagaa wa kwao ziwani, kwenye kikapu.

"Wamatengo! Bado mnaogopa maji?" anapiga kelele toka getini.

"Tunayaogopa ya ziwani tu," mzee anajibu. "Yana Wanyasa ndani."

"Ndiyo maana nimekuletea usipa, uoge angalau mdomo."

Akaleta pikipiki mwezi wa kumi. Bolti ya kumwagia oili, ile ya chini kabisa ya injini, ilikuwa inavuja. Tukaifungua: uzi umekwisha, na ndani wamesokota nyuzi za gunia la kahawa, bolti ikaingizwa kwa nyundo. Ni ufundi wa barabarani huo, wa kwetu. Kila mtu ameshaufanya mara moja akiwa kwenye shida. Mzee Kanisius akazitoa zile nyuzi moja moja kwa sindano, anacheka na kukohoa. Akapima tundu. Akaandika BADO.

"Keshokutwa, Mwalimu."

"Hata wiki, mtani. Mimi sina haraka, nina shemeji wa kunilisha huku."

Kwa hiyo haraka haikuwa ya Mwalimu. Naomba mlishike hilo.

Usiku ule mzee kifua kilimbana, asubuhi akapelekwa hospitali. Nikabaki mimi. Bushi ilikuwa haijachongwa, na tundu lilikuwa halijapanuliwa. Mchana Bosi akaja na mirija yake miwili. Alikuwa amepata kazi kubwa ya pikipiki nyingi za mtu mmoja na anataka nafasi uwanjani. Akachukua kitambaa akafuta BADO mbele ya macho yangu.

"Hii funga, itoke."

"Bosi, mzee amesema bado."

"Mzee yuko wapi?"

"Najua kuchonga bushi. Nipe siku mbili."

"Skola, una mtoto mchanga, kila saa unatoka kunyonyesha, nimenyamaza. Leo nakwambia funga, unaniletea hadithi. Unataka kazi, au unataka kukaa nyumbani ulee?"

Deo alikuwa na miezi minne. Baba yake alikwenda machimboni Litumbandyosi hata hajamwona, na hakurudi. Hii si sababu, nawaambia tu nilichokuwa nawaza. Nilichanganya gundi. Niliipaka. Nilifunga bolti na niliikaza kwa mkono mwepesi, kwa sababu mkono wangu ulijua hakuna kinachoshikwa mle ndani. Mwalimu alipokuja akaniuliza, "Mtani wangu amemaliza?" Bosi akadakia, "Amemaliza, Mwalimu, kabla hajaugua." Mimi nikainama nikatafuta spana ambayo haikupotea.

Mzee Kanisius alifariki siku ya tisa. Nilikwenda kumwona mara moja tu, nikiwa nimejipanga kumwambia. Akaniwahi: "Ya Mwalimu umeichongea bushi?" Nikasema ndiyo. Alifurahi sana. Alinishika mkono akaugeuza juu chini kama anakagua chombo. Aliondoka duniani na uongo wangu, akidhani ameacha fundi.

Mwalimu alikuja kuzika, akalia kama mtoto. Wiki tatu baadaye aliteremka kuelekea ziwani akiwa peke yake. Zamani ile barabara ilikuwa vumbi, oili ikimwagika inanywewa. Sasa ni lami, kona juu ya kona. Bolti ilichomoka, oili yote ikaja kwenye tairi la nyuma. Alikutwa chini ya kona. Bolti waliiokota kona tatu juu yake, gundi bado imeizunguka kama ganda.

Niliiona gundi ile kwa macho yangu. Bosi aliipokea toka kwa watu waliokuja kuuliza, akaitia mfukoni.

Msibani, ndugu wa mke wa Mwalimu walimwuliza Bosi mbele ya watu: nani alitengeneza? Akavua kofia.

"Jamani, aliyetengeneza naye ni marehemu. Mzee Kanisius macho yalikuwa yamekwisha, nilimwambia apumzike, hakusikia. Tumwachie Mungu."

Watu wakaguna. Mama Kanisius alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake, na kanga ya msiba wa mumewe hata haijapauka. Niliona wenzake wanavyojisogeza, kidogo kidogo, mpaka pande zote mbili za mkeka pakawa wazi. Na mimi nilikuwa hatua nne toka pale, na mdomo ninao.

Toka siku ile hakuna aliyemwazima chungu. Kanisani wanamwachia benchi. Na Machi ikafika.

Ndiyo hapo nilipowaanzia. Baada ya kupakua yale maharage, tulilima sisi wawili mpaka jua kichwani. Tukapata mistari mitatu. Nikawaza: nimeshasema kweli hadharani, wamesema ninampenda mzee. Nikipiga kelele kanisani watasema nina majonzi. Maneno yangu hayana uzito kwa sababu nimeyachelewesha. Basi nitayaweka kwenye karatasi yenye muhuri, halafu waende kufungua injini wakatazame. Injini haimpendi mtu.

Mama Kanisius alinishika mkono nilipomuaga. "Watakufunga, Skola."

"Labda."

"Na Deo?"

Akajijibu mwenyewe. "Utaniachia mimi."

Mtendaji wetu wa kijiji ni kijana kutoka mikoa ya pwani, mgeni, mpole. Alisoma karatasi yangu mara mbili, akaweka kalamu.

"Dada, hapa kwenye wanaolalamikiwa umejiandika na wewe."

"Ndiyo."

"Mtu hajilalamikii mwenyewe. Fomu haiko hivyo."

"Basi fomu imekosewa. Piga muhuri."

"Unaelewa hii itabidi nipeleke nakala polisi? Mtu amekufa hapa."

"Kaka, nimesoma mpaka kidato cha nne. Naelewa. Piga."

Akanitazama, akamtazama Deo aliyekuwa anatafuna kona ya meza yake, akapiga muhuri taratibu sana. Karatasi yenyewe ndiyo hii, hapa nimeondoa majina mawili matatu tu. Mkiniuliza tena ufundi, someni hii kwanza.

*

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KIFO CHA MWALIMU WILFREDI NA JINA LA MAREHEMU MZEE KANISIUS

Ndugu Mtendaji,

Mimi Skolastika, mkazi wa kijiji hiki, nalalamika juu ya watu wawili. Wa kwanza ni mwenye gereji niliyokuwa nafanyia kazi. Wa pili ni mimi.

Wa kwanza aliamuru pikipiki ya Mwalimu Wilfredi itoke bila kutengenezwa, akafuta alama ya fundi mkuu iliyokataza, na kwenye msiba akamsingizia marehemu mbele ya watu.

Wa pili alifunga bolti ya oili kwa gundi akijua haitashika. Aliulizwa na fundi wake akiwa mgonjwa, akadanganya. Alikuwepo msibani, akanyamaza. Alinyamaza miezi mitano.

Ushahidi uko ndani ya injini, na injini iko nyumbani kwa marehemu, ziwani. Tundu la chini litazamwe na fundi asiyetujua. Kama kuna bushi ya shaba iliyogongwa alama tatu, basi mimi ni mwongo na Mzee Kanisius ndiye aliyeifunga. Kama kuna gundi, Mzee Kanisius hakuigusa.

Naomba barua hii isomwe kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji, wakiwepo ndugu wa mke wa Mwalimu, na mwenye gereji aitwe. Isisomwe nikiwa sipo. Naomba isomwe wiki hii, kwa sababu mvua ikikatika maharage ya mjane hayataota, na yeye hana kosa.

Sijalazimishwa na mtu. Nitakuja popote nitakapoitwa.

Skolastika,
aliyekuwa fundi.